Kobe mwenye gamba lililopinda anaumia, tusimfungie stoo

Mhariri,

Asalaam aleikum wewe na wasomaji wote. Naandika kutoka Langoni hapa Lamu na ninachoandikia ni kobe. Najua gazeti linapata barua nyingi za maji na hospitali na barabara, zote za haki, lakini naomba na hii ipate nafasi kwa sababu miaka yote nasoma ukurasa huu sijaona mtu akiyasema haya, na kobe mwenyewe hana mdomo wa kulalamika.

Miaka mitatu nyuma jirani yetu alihamia Mombasa na familia yake, akaniachia ufunguo nimwangalizie nyumba. Siku ya nne hivi naingia kufungua madirisha nasikia kitu kinakwaruza chini ya ngazi, nikajua ni panya tu, nikachukua tochi ya simu nikamulika, kumbe kobe. Yuko kwenye ile stoo ya chini ya ngazi, simenti tupu, giza totoro, mbele yake kipande cha mkate wa mofa kimeota ukungu na kokwa za tende. Nikampigia jirani akasema aa huyo ni kobe wa watoto, aliletwa kutoka bara akiwa mdogo wa kutoshea kiganjani, tumemsahau, mpe mtu yeyote. Nikambeba mpaka kwangu nikamweka kiwandani, yaani uani, penye mwanga ndio nikamuona sawasawa, na nikikwambia nililia, nililia kweli.

Wale kobe wetu wa madoadoa ya njano na nyeusi, ambao watu wa vijiji vya Hindi na Witu wanakutana nao shambani, gamba lao limeinuka vizuri kama kawa la kufunikia chakula, vigae vyake vimepanda kidogo tu. La huyu lilikuwa vilima vitupu. Kila kigae kimenyanyuka peke yake kama kichuguu na kati ya kichuguu na kichuguu kuna bonde, alafu nyuma karibu na mkia limedidimia kama beseni lililokaliwa na mtu mzito. Mdomo umerefuka mpaka umepinda kama wa kasuku. Nikabonyeza ukingo wa gamba kwa dole gumba, likabonyea! Kobe wa shubiri moja na nusu gamba lake linabonyea kama chupa ya maji. Na juu ya yote hayo walikuwa wamemchora namba kwa rangi ya mashua, na ukingoni wametoboa tundu wakapitisha uzi wa mshipi ili wamfunge asipotee. Akitembea haunyanyui mwili, anaburura tumbo chini, hatua tatu anapumzika. Watoto wangu wakamuita Kigongo.

Sasa ndio ushauri ukaanza kumiminika, maana Lamu ukiwa na jambo mtaa mzima una jambo. Mmoja akaniambia mpake mafuta ya nazi gambani litalainika lijinyooshe. Mwingine akasema mpe ugali mwingi apate nguvu. Na ami mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, akasema huyo amekosa bahari, mpeleke Shela umtie majini akaogelee kwao. Hapa naomba nisimame kidogo kwa sababu hili nimelisikia kwa zaidi ya mtu mmoja na linaua. Kobe si kasa. Kasa ana makasia, anaishi baharini na hupanda ufukweni kutaga tu. Kobe ana miguu ya kukanyagia kama ya ndovu, ni mnyama wa nchi kavu, ukimtia baharini umemzamisha. Ukiwa na shaka mtazame miguu, inatosha. Na mafuta nayo hayanyooshi kitu, yanashika vumbi na uchafu tu juu ya gamba.

Kabla ya yote nilikwenda kuripoti kwa maafisa wa wanyamapori, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali, na kobe ni mnyama wa porini hata kama amezaliwa uani kwako. Nilikuwa naogopa nisije nikaonekana mimi ndio mwizi. Nikaeleza nimemkuta wapi na hali yake, wakaandika, nikaambiwa nimtunze na nimtibu huku karatasi zikishughulikiwa. Nasema hivi ili mtu mwingine asikae na kobe mgonjwa kimya kwa kuogopa kuulizwa.

Alafu nikamtia kwenye katoni niliyoitoboa matundu, tukapanda mashua hadi Mokowe, basi hadi Malindi, kwa daktari wa mifugo niliyeelekezwa. Njia yote nilimshika mapajani. Daktari akampiga eksirei akanionyesha ile picha, mifupa imefifia kama moshi, mahali panapotakiwa kuwa na mstari mweupe mzito pana kivuli tu. Ndipo nikafahamishwa kitu ambacho mimi kwa umri wangu nilikuwa sikijui. Nilikuwa nadhani gamba ni kama nyumba, kobe yuko ndani na nyumba iko nje. Kumbe gamba ndio mbavu zake na uti wake wa mgongo, vimetanuka vikashikana vikawa kitu kimoja, na juu yake kuna vigae vya kitu kile kile cha kucha zetu. Zile katuni za kobe anavua gamba kama shati ni uongo mtupu. Chini ya vile vigae kuna damu inapita na kuna neva, ukimkuna anajua, ukimgonga anasikia. Kwa hiyo lile tundu la mshipi ni sawa na mtu kukutoboa ubavu akakufunga kamba. Na mapafu yake yako juu, yamekaa chini ya gamba la mgongoni pale pale, ndio maana gamba likididimia hata pumzi inabanwa, na akiwa jike kutaga kunaweza kuwa shida.

Daktari akaniuliza alikuwa anakaa wapi, nikamwambia chini ya ngazi ya nyumba ya mawe. Akatikisa kichwa. Na mimi njia nzima ya kurudi nikawa naziwaza nyumba zetu. Wazee walizijenga kwa matumbawe na boriti za mikoko, kuta nene, madirisha machache, vyumba vimepangana kwenda ndani ili jua lisifike na mtu akae baridi hata mwezi wa Machi. Ni fahari yetu, UNESCO wenyewe waliuandika mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini binadamu anatoka, anakwenda sokoni, anakaa darajani, jua linampata njiani. Kobe wa stoo hatoki. Na kobe bila jua ngozi yake haitengenezi vitamini D, na bila vitamini D hata ukimlisha chakula chenye kalisiamu namna gani haiingii mwilini, sasa mwili unatafuta kalisiamu kwa kuitoa kwenye mifupa, na mifupa yenyewe ndio gamba. Ndivyo linavyolainika, linavyopinda na kudidimia, taratibu, miaka, huku watu wanasema kobe wetu mzima tu anakula mkate. Na usidhani kumuweka karibu na dirisha la kioo kunatosha, ile miale inayohitajika kioo kinaizuia. Jua liwe lenyewe, limguse.

Vile vilima navyo vina habari yake. Watafiti wa Austria mwaka 2003 walilea watoto wa kobe wale wakubwa wa ukanda wa Sahara, wengine kwenye hewa kavu wengine kwenye hewa yenye unyevu, wakaona ukavu ndio uliochangia zaidi vilima, kuliko hata wingi wa protini kwenye chakula kama watu walivyokuwa wakiamini. Sisi pwani unyevu tunao wa kumwaga, lakini Kigongo utoto wake aliumalizia ndani ya ndoo ya plastiki huko bara, kavu, hakuna maji wala majani ya kujifukia, hivo ndivyo jirani alivyonieleza nilipomdadisi. Vilima vikampata udogoni, kulainika kukamkuta huku kwetu.

Sasa matunzo, na hapa nitakwenda taratibu maana najua kuna mtu anasoma na ana kobe uani. Daktari alimchonga mdomo kidogo kidogo na kumdunga sindano za kalisiamu, hiyo ni kazi ya daktari, usinunue vidonge vya vitamini vya watu dukani ukamsagia, vitamini D ikizidi ni sumu. Kazi yangu mimi ilikuwa chakula, jua na maji.

Chakula nilibadilisha chote. Mkate, wali, ugali, viazi karai, tende, vyote marufuku. Tumbo la kobe huyu limeumbwa kwa nyasi na majani magumu, yakae humo yavunde polepole, sukari na unga vinaharibu ile kazi. Nampa nyasi, matembele, majani ya mronge na sukuma wiki, nabadilisha badilisha. Mchicha sikumnyima kabisa lakini ni mara moja moja, kwa sababu una kitu kinachoishika kalisiamu isitumike, spinachi ndio zaidi. Embe na tikiti ni kipande kidogo baada ya siku nyingi, hata anililie vipi, na anajua kulilia kwa macho.

Kalisiamu yenyewe nimeipata bure na hili ndio linanifurahisha kuliko yote. Porini kobe wa madoadoa hutafuna mifupa mikavu anayoiokota, hata mavi ya fisi anakula, yale meupe, kwa ajili ya ile mifupa iliyosagika ndani. Anajua anachokitafuta. Sisi fisi hatuna mtaani lakini ufuoni tuna kile kibamba cheupe cha dome, yule wa jamii ya ngisi, chepesi, kinachoelea na kuletwa na maji, watoto wanakichezea. Kile kimejaa kalisiamu. Nawatuma watoto wanaokota, naviloweka maji baridi siku mbili tatu nikibadilisha maji chumvi itoke, naanika, alafu namwekea kimoja pale anapokula. Siku ya kwanza alikipita. Wiki ya pili nasikia krrk krrk nyuma ya ngazi, nakwenda kutazama anakitafuna kama mtu anayekula kashata. Na kinamsugua mdomo usirefuke tena. Ganda la yai lililokaushwa na kusagwa pia linafaa kama uko mbali na bahari.

Jua nampa juu darini kwetu, saa moja na nusu mpaka saa nne hivi asubuhi, na jioni tena jua likipoa. Nusu ya mahali pana makuti, kwa sababu kobe hatoi jasho, yeye anajipoza kwa kuhamia kivulini na ukimuacha juani bila kivuli utamuua kwa mapenzi. Ukingo nimeuzungushia mbao asianguke. Na kwa mwenye kobe mdogo awachunge kunguru, hawa kunguru wetu hawana huruma kabisa, wanadonoa macho.

Maji, kila siku mbili namtia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, dakika kumi na tano, ishirini. Anakunywa humo humo kichwa kimezama nusu. Siku ya kwanza akatoa kitu cheupe kizito kama chokaa, nikamkimbilia daktari kwa simu nikidhani mifupa inatoka, akanituliza kwamba huo ndio mkojo wa kobe, kikiwa laini kama dawa ya meno hakuna neno, kikiwa na chembe ngumu kama mchanga basi ana kiu na maji yaongezwe.

Rangi ya mashua sikuisugua kwa petroli wala tina ya kuyeyushia rangi kama nilivyoshauriwa, zile zinapenya. Niliikwangua kidogo kidogo kwa kucha na mswaki laini wakati wa kuoga, mpaka leo mabaki yapo. Uzi niliukata siku ile ile. Tundu halikuziba.

Nilimuuliza daktari gamba litanyooka lini. Akaniambia mama, halitanyooka. Kilichokwisha kupinda kimepinda, unachoweza kubadilisha ni kile kitakachoota kuanzia leo. Nilivunjika moyo kidogo lakini ndio ukweli na nashukuru aliniambia, kuna watu kwenye intaneti wanauza mafuta na dawa za kunyoosha gamba, usipoteze pesa yako. Baada ya miezi minane hivi nikaanza kuona katikati ya vigae mistari mipya ya rangi ya maziwa, na hiyo mistari iko bapa, haipandi. Ukingo nikaubonyeza, mgumu. Mwaka wa pili akaanza kunyanyua tumbo anapotembea. Mume wangu ndie aliyemuona kwanza, akaniita kwa sauti mpaka nikadhani kuna moto, nakuja mbio namkuta amechuchumaa ananionyesha kivuli chini ya tumbo la kobe, yaani nafasi ya mwanga kupita. Vilima bado viko, bonde la nyuma liko, anahema kwa sauti kidogo akipanda mwinuko. Lakini anakula, ana nguvu, anamfukuza paka.

Mhariri, kilichonisukuma kuandika ni hiki. Tangu watu wajue nina kobe mgonjwa nimeletewa au kuonyeshwa wengine wanne hapa mjini peke yake, wote magamba mabovu, mmoja anakaa chooni, mmoja yuko ndani ya karai na hana pa kugeuka. Wenyewe si watu wabaya. Wanajua kobe anavumilia, na kuvumilia kwake ndiko kunakomponza, maana anakufa miaka kumi bila kupiga kelele wakati angeishi hamsini na zaidi. Wote walisema kitu kimoja, hawakujua gamba linahitaji jua, na wakijua sasa wanaogopa kumpeleka popote wasije wakashitakiwa.

Hapa Lamu punda ana hospitali yake tangu 1987, Donkey Sanctuary, punda akichomwa na shogi, lile tandiko la mzigo, au akilemaa anatibiwa na mwenyewe hatozwi wala hakaripiwi, anafundishwa, na matokeo yake kila mtu anayaona barabarani, punda wa leo si wale wa utotoni kwangu. Watamu kuna watu wanatibu kasa, mvuvi akimnasa kwa bahati mbaya anapiga simu wanakuja. Kobe wa nchi kavu hana mlango wa kubisha. Naomba wahusika, kaunti na idara ya wanyamapori, watangaze hata redioni tu, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba mwenye kobe mgonjwa nyumbani amlete siku fulani mahali fulani, aandikwe, mnyama atazamwe na daktari, na mtu arudi kwake bila hofu. Na anayefikiria kumrudisha porini usiku kimya kimya asifanye hivo, kobe aliyekaa na watu anaweza kupeleka maradhi kwa wenzake, na huyu mwenye gamba laini hamalizi wiki.

Na kwa wanaoleta vitoto vya kobe kutoka bara kuja kuuza kama vitu vya kuchezea watoto, waache. Kila kitoto kinachobebwa kwenye ndoo ndio Kigongo mwingine. Tena wengine wanakusanya hata wale kobe bapa wa mawe wa huko Kitui, ambao gamba lao ni laini na la kubonyea kwa maumbile yao ili wajipenyeze kwenye nyufa za miamba, wale si wagonjwa, wamezaliwa hivo, na tangu 2019 biashara baina ya nchi na nchi ya wale wanaotolewa porini imepigwa marufuku.

Sote tulifurahi na habari ya Mzee na Owen. Yule kiboko mdogo aliyeokolewa baharini kule Malindi Desemba 2004 baada ya tsunami, akapelekwa Haller Park Mombasa akamganda kobe mkubwa kama mamake, dunia nzima ikapiga picha. Watoto wangu wanaijua hadithi hiyo kwa moyo. Ninachotaka wajue pia ni kwamba kobe wa jirani chini ya ngazi ni kiumbe kama Mzee, tofauti ni ukubwa tu na nani amemuona.

Karatasi za Kigongo zinaelekea kukamilika, nimeambiwa huenda akachukuliwa kwenye hifadhi yenye nafasi kubwa na majani ya kutosha. Watoto wamenuna lakini nimewaambia ndivyo inavyotakiwa. Nitamsindikiza mwenyewe mpaka Mokowe, na nimeshamjazia kifurushi cha vibamba vya dome vilivyolowekwa na kukauka, vya kumtosha mpaka wenyeji wake wapya wamzoee.

Mama mwenye kobe,
Langoni, Lamu